Kimbunga cha Namba Tatu

Vita vilipofunga ofisi ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa Bunia, mashariki mwa Kongo, mpimaji wake Eugène aliokoa kitu kimoja tu: kipande cha plastiki angavu kilichochorwa mstari wa kuzunguka kama ganda la konokono. Wezi waliong'oa hata vitasa vya milango walikiacha, wajinga wale. Kwa plastiki hiyo, mtu aliyesomea kazi hiyo anaitandaza juu ya picha ya setilaiti, akiwa jikoni kwake mtaani Mudzipela, akakuambia kimbunga kilichoko baharini kina nguvu gani. Unatazama mkanda wa wingu umezunguka kiasi gani. Nusu duara ni namba tatu hivi. Duara zima, na jicho limefunguka katikati, ni tano au zaidi. Mwisho ni nane, na nane hata adui usimwombee.

Bunia haina vimbunga. Miaka kumi na tano mkewe Angélique, fundi wa kushona, alimcheka kila mumewe alipopima picha za zamani mezani, katikati ya sahani. Sasa hakucheka. Binti yao Arielle alikuwa Tamatave, pwani ya Madagaska, akisomea uuguzi kwa masista, na redio ilisema kimbunga kitafika huko Jumamosi.

Ijumaa asubuhi, risasi zilipotulia, Eugène alikwenda kwa mpwa wake Denise, karani wa shirika moja la misaada. Denise akamchapia picha mpya ya setilaiti. Aliipima palepale kwa plastiki yake, amesimama. Akapima tena. Tano. Tano inabeba mabati na kulaza kuta. Akakunja picha, akaificha ndani ya koti, akarudi nyumbani.

"Iko ngapi, Papa Arielle?" Angélique aliuliza.

"Iko tatu. Mvua mingi, upepo kidogo. Mutoto atalowana, basi."

Angélique alimtazama kidogo, akarudi kwenye cherehani yake. Siku mbili zilizofuata alichangamka ajabu. Alimpikia sombe, majani ya muhogo, akamwekea sehemu kubwa, akamtania kwamba upara wake nao umefika namba sita. Eugène akajipongeza. Hakuwahi kumdanganya mwanamke huyu hata kuhusu bei ya chumvi, na uongo wake wa kwanza ulikuwa umemtuliza. Alimpenda sana siku zile, akamwonea huruma kwa kutojua kwake.

Jumatatu Denise aliwaita: simu ya setilaiti ya ofisi imewapata masista. Waliisikiliza pamoja, wamegusanisha vichwa.

"Papa, Maman, niko muzima," Arielle alisema. "Mabati yote ilienda, ukuta ya dortoir kwenye tunalala ikaanguka. Siye tulikuwa mu kanisa. Siye wote tuko wazima."

Eugène alilia mbele ya watu wa ofisi, na Angélique akampangusa kwa ncha ya kitenge chake. Walipokuwa njiani kurudi, Eugène akaungama.

"Mama Arielle, nilikudanganya. Ilikuwa tano."

"Tano na nusu," Angélique alisema. "Ile jicho ilikuwa mviringo sana. Miaka kumi na tano nilikuona unapima, nikajua namna. Nilipima wakati ulienda kuchota maji. Picha ilikuwa mu koti yako."

Eugène alisimama katikati ya barabara. "Ulijua? Juu ya nini haukusema?"

"Niliona unajikaza juu yangu, nisiogope. Nikasema, nikilia, muzee ataanguka."

Angélique alitaka kuendelea kutembea, lakini akashindwa. Akakaa juu ya jiwe kando ya njia, akajifunika uso, na kilio cha siku tatu kikamtoka chote. Eugène alikaa karibu naye, akamshika mkono, wala hakumwambia anyamaze.