Poda ya Sitini na Nne

Carine alirudi kutoka zamu ya usiku saa tatu asubuhi, viatu mkononi, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Mimi nilikuwa uani, ninachambua sombe, majani ya muhogo. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akatoa simu yake, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Kambo, matokeo ilitoka," alisema. Huku kwetu Likasi, Kongo, bibi tunamwita kambo.

"Ya concours?"

"Ya concours. Nilipata soixante-quatre."

Carine ni mjukuu wangu. Tayari ni daktari. Huu ni mwaka wa nne anafanya kazi katika hospitali ndogo ya hapa mjini, ambako anatibu kila anayeingia: mzee wa kifua, fundi aliyekatwa kidole, mama wa uchungu. Lakini tangu zamani alitaka kuwa bingwa wa watoto. Kwa jambo hilo haitoshi kuwa daktari. Inabidi kwenda Lubumbashi kufanya mtihani, ndiyo hiyo concours, na anayefaulu anaanza tena masomo ya miaka mingi. Miaka miwili nimemwona anasoma kwenye meza ya jikoni baada ya kazi, kichwa kinaanguka juu ya karatasi, ananyanyuka, kinaanguka tena.

Sitini na nne. Nikauliza jambo moja tu.

"Hamsini, ulipita?"

"Nilipita, kambo. Hata soixante yenye banaomba, nilipita. Lakini..."

Hiyo lakini niliisikia. Sitasema sikuisikia. Ila nilikuwa nimeshasimama, na sombe ilikuwa imeshamwagika chini.

Kwetu mtoto akifaulu mtihani wa serikali, examen d'État, ule wa kumaliza sekondari, tunammwagia poda kichwani. Hamsini kwa mia inatosha. Mwenye hamsini na mwenye themanini wote wanamwagiwa, wote wanatembea njiani weupe kama wametoka kwenye gunia la unga, na watu wanaowapita wanapiga kelele za furaha. Nilimmwagia mama yake poda. Carine mwenyewe nilimmwagia alipomaliza shule Mulungwishi. Kwa hiyo niliingia chumbani na magoti yangu haya, nikachukua kopo la poda, nikatoka nalo huku ninapiga vigelegele.

Élise, jirani yetu wa upande wa kulia, aliacha mandazi yake kwenye mafuta na kuja na kopo lake. Willy, anayetengeneza baiskeli kwenye kona, alikuja anagonga rimu kwa spana.

"Docteur ya batoto!" alipiga kelele Willy. "Sasa shiye bakubwa tutakufa, hakuna mwenye atatuangalia!"

"Weye hauko mukubwa," Élise alimjibu. "Weye atakupokea tu na ile miguu ya mutoto."

Watu wakacheka. Wengine wakaja, hata mzee Alphonse wa nyumba ya mwisho, ambaye hatembei hatua kumi bila kupumzika. Carine alisimama katikati, mikono imeshuka, macho amefumba. Nilidhani poda imemwingia machoni.

Mchana alilala. Alipoamka nilimwosha nywele. Yeye aliinama juu ya beseni, mimi nikamimina maji kwa kikombe, na maji yakashuka meupe. Hapo ndipo alipomaliza maneno aliyoyaanza asubuhi. Alimaliza kichwa chini, bila kuniona uso, na nafikiri ilikuwa rahisi zaidi kwake hivyo.

"Kambo, hii concours haiko sawa na examen d'État. Ile soixante ni mulango tu. Mwenye alipata soixante, banamuacha aingie mu parcelle, afike uani. Lakini ndani ya nyumba viti ya docteur ya batoto iko sita."

"Sita tu?"

"Sita. Na banaanza na mwenye alipata mingi. Wa kwanza, quatre-vingt-un. Wa sita, soixante-douze. Minye niko wa kumi na moja."

Themanini na moja; sabini na mbili. Kikombe kilibaki hewani.

"Kwa hiyo haukuanguka."

"Apana, kambo, sikuanguka."

"Na haukuingia."

"Sikuingia."

"Sasa hiyo soixante-quatre ni ya nini?"

Alicheka kidogo ndani ya beseni. "Ni ya kusema ningeweza kuingia, kama viti ingekuwa kumi na moja."

Niliendelea kumimina. Nilimkumbuka marehemu baba yangu. Alikuwa kijana huko Kasai wakati kampuni ya migodi ya huku kwetu ilipokuwa inatafuta wafanyakazi. Waliwapima uzito, wakawasikiliza kifua, wakawapiga muhuri kwenye mkono wale waliokuwa na afya. Baba alipigwa muhuri. Alishangilia. Kisha karani akahesabu vichwa vilivyotakiwa kwa treni ile, na baba akabaki stesheni na muhuri wake mkononi. Aliniambia hadithi hiyo mara nyingi, na sikuwahi kuuliza muhuri ule ulifutika baada ya siku ngapi.

"Mwaka yenye inakuya?" nikauliza.

"Unaanza tena na zéro. Soixante-quatre ya leo haihesabiwe."

Nilimfunga kitambaa kichwani. Alikuwa na jambo jingine. Kiti kimoja kilikuwa kimebaki upande wa anestezi, yaani madaktari wanaowalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa na kuwaamsha baadaye. Waliopita sitini bila kupata kiti wangeweza kukiomba, na chuo kilikuwa kimemwandikia kwamba zamu ya kuulizwa imemfikia yeye. Lakini ilibidi aende Lubumbashi kutia sahihi kabla ya Ijumaa adhuhuri. Siku ile ilikuwa Jumatano.

"Unapenda ile kazi?"

"Ni kazi ya muzuri, kambo. Bantu banaihitaji."

"Sikukuuliza kama ni ya muzuri."

Alikaza kitambaa kichwani. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeweka chini mzigo:

"Kambo, avenue muzima ilinimwagia poda. Kesho nikitoka na blouse ile ile ya kazi, nikienda ku hôpital ile ile, nitabaambia nini? Afazali niseme niko naenda kusoma. Hata kama haiko batoto."

Nilichukua lile beseni la maji meupe nikaenda kulimwaga nyuma ya choo. Nilikaa huko kidogo. Mtoto huyu alikuwa amechoka mwili mzima, na mimi kwa furaha yangu nilikuwa nimemfungia njia. Kama angechagua anestezi kwa moyo wake, ningemfulia nguo za safari mimi mwenyewe. Lakini alitaka kuichagua kwa sababu ya kopo langu.

Alhamisi, alipokwenda kazini, nilivaa kitenge kizuri nikachukua fimbo. Poda niliimwaga mimi. Basi ilibidi niifute mimi.

Nilianza kwa Élise. Alinipa kigoda na andazi kabla sijasema neno. Nilimweleza: sitini ni mlango, viti ni sita, yeye ni wa kumi na moja. Alisikiliza huku anageuza mandazi.

"Kwa hiyo mutoto alipita, lakini nafasi ilikwisha."

"Njo vile."

"Na shiye tulipiga makelele." Alijipiga paji la uso kwa mkono wenye unga. "Mama, na mutoto alitusikiliza tu! Hata hakutukatalia!"

Kwa Claire, nyumba ya nne, nilieleza mara tatu. Mara ya kwanza aliniambia, "Basi alianguka." Mara ya pili akasema, "Lakini kama hakuingia, alianguka." Mara ya tatu alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeshaamua. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe Jumatano asubuhi nisingeelewa. Nilipotoka alinishika kiwiko ili nishuke ngazi, na hilo nililiona.

Kwenye kona Willy alikuwa amepindua baiskeli, magurudumu juu. Alinisikiliza akiwa na mnyororo mkononi.

"Kambo, sasa poda yetu iturudie?"

"Weye haukuleta poda. Ulileta makelele."

"Basi makelele yangu irudi." Kisha akaacha kucheka. Aliangalia miguu yangu. "Unaenda wapi na hii jua?"

"Kwa Alphonse."

"Mpaka kule? Panda."

Alinikalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya mteja, akaisukuma polepole njia nzima, mimi nikiwa nimeshika bega lake kama malkia mzee. Kila aliyetuuliza alimjibu, "Ni ambulance."

Mzee Alphonse alikuwa ameketi mlangoni. Alifanya kazi machimbo ya chokaa ya Kakontwe tangu ujana mpaka walipompumzisha, na kifua chake kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Nilimweleza yote. Alichukua muda kupata pumzi.

"Mama," alisema, "minye miaka makumi tatu nilikuwa narudia ku nyumba mweupe kila siku. Nywele, nyusi, mpaka mu masikio. Hakuna hata muntu mumoja alinipigia vigelegele."

Willy alicheka mpaka akaegemea baiskeli. Alphonse naye alicheka, akakohoa, akangoja kikohozi kipite.

"Poda inatoka na maji," akaendelea. "Mwambie apite kesho kutwa, Samedi, anisikilize kifua, sawa siku zote. Ule mutoto anawekaka kwanza ile chuma ya kusikilizia mu mukono yake ipate moto, njo anaiweka ku kifua yangu. Bengine banakuwekea tu na baridi yake."

Sikujua jambo hilo la kupasha chuma. Nilirudi nalo nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi.

Jioni nilipofika kwenye lango, Carine alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa mezani na bahasha ya karatasi zake za Lubumbashi, na mezani palikuwa na mandazi ya Élise ndani ya kitambaa. Kwa hiyo alikuwa ameshasikia.

"Kambo, ulipita nyumba ngapi?"

"Zote zenye zilimwaga poda."

"Na hizo miguu?"

"Hizo hizo. Ya Willy nayo ilisaidia."

Alileta maji ya vuguvugu na chumvi, akanivua viatu, akaweka miguu yangu ndani ya beseni lile lile la jana. Alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Nilimwambia maneno ya Alphonse kuhusu ile chuma. Aliinama zaidi juu ya miguu yangu.

"Kesho njo vendredi," nikasema. "Ukienda, nitakupikia uji mapema. Usipoenda, nitakupikia uji vilevile. Hakuna mwenye anangojea jibu ku avenue. Nilishamaliza nao."

"Nasikia, kambo."

Ijumaa niliamka kabla yake. Nilipika uji wa mahindi, nikatia karanga, nikakaa. Bahasha ilikuwa bado mezani, imefungwa. Sikuigusa. Barabarani dereva wa taxi-bus alikuwa anaita watu wa Lubumbashi, anaita na kuita, kama anamjua mtu anayekawia.

Carine alitoka chumbani amevaa blouse yake, lile koti jeupe la kazi. Lilikuwa limepigwa pasi. Alikunywa uji amesimama, kama kawaida, jambo ambalo nimemkataza tangu ana miaka sita.

"Chuo niliiandikia jana usiku," alisema. "Nilisema kile kiti bampe mwenye ananifuata. Anakipenda kweli, namujua."

"Na weye?"

"Minye nitaandika tena concours ya batoto. Naanza na zéro." Aliosha kikombe chake na changu pia, ingawa changu hakikuwa kimekwisha. "Niko nachoka, kambo. Sijui kama nitaweza."

"Choka," nikamwambia. "Kuchoka haikatazwe."

Nilimsindikiza mpaka kwenye lango. Taxi-bus iliondoka. Kwenye kona Willy aliinua spana kumsalimu, na safari hii hakusema neno, najua ilimgharimu. Carine alipiga hatua mbili, akarudi.

"Kambo. Mwaka yenye inakuya, nikikuambia kama nilipata ngapi."

"Ndiyo."

"Uniache kwanza nimalize kusema."

"Nitakuacha," nikasema. "Nitakaa chini, nikuache mpaka mwisho."

Akaenda kazini. Nilirudi ndani, nikaokota kopo la poda lililokuwa bado chini ya kiti tangu Jumatano. Poda ilikuwa imebaki robo. Nilitafuta kifuniko chake asubuhi yote.