Mashine ya Wifi

Jina la Bi Polepole alipewa na wifi yake, na kwa kuwa hakulipenda, likaganda. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta, mstari kwa mstari, bila papara. Wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, alifanya kazi hiyo hiyo katika chumba hicho hicho, meza zao zikitazamana, na hakuwa na subira ya kuandika kitu kimoja mara mbili.

Walichogombania ni sifa. Kila jambo ambalo programu inatakiwa kulijua, tuseme uzito wa mbuzi, huitwa sifa, na lazima kwanza litangazwe: jina lake, aina yake, namna ya kulisoma na namna ya kulibadilisha. Matangazo hayo yanafanana hadi yanatia usingizi. Bi Polepole aliyaandika moja moja, kwa raha zake, kama mtu anayekunja nguo zilizokauka. Wifi mtu aliona huko ni kujitesa bure. Akachukua zana zinazokuja na kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya watu yawe kazi ya kompyuta, akaunda mashine yake: unaipa orodha ya majina na aina, nayo inakuandikia matangazo yote hujamaliza hata kupiga chafya.

"Wifi, lete hivyo vidole tuvipumzishe," alisema.

"Anza kupumzisha mdomo wako," akajibiwa.

Juu ya kila faili lililotoka kwenye mashine palikuwa na maneno haya: Limeandikwa na mashine. Usilibadilishe, utakachoongeza kitafutika. Mtu mwingine angesoma onyo. Lakini Bi Polepole alikuwa anaishi na vikaratasi vya wifi yake kila kona ya ofisi: usizime feni, usihamishe kiti changu, kikombe hiki kina mwenyewe. Akaona hicho nacho ni kikaratasi kingine, ila safari hii kimeingia ndani ya kompyuta.

Basi siku moja daktari wa wanyama akapiga simu. Huyu alikuwa mteja wa Bi Polepole, wa kwanza kumleta yeye mwenyewe. Waliotangulia wote walivutwa na maneno matamu ya wifi. Bi Polepole alitaka daktari huyu aikubali programu waliyokuwa wakimwandikia kuliko alivyowahi kutaka kitu kazini. Daktari aliomba jambo dogo tu: pawe na mahali pa kuweka alama kama mnyama anauma.

"Hesabu limekwisha, daktari," alisema Bi Polepole.

Alifungua faili, akakiona kikaratasi, akasonya, akaitangaza sifa hiyo kwa mkono wake. Akaijaribu, ikakubali. Wifi hakuambiwa kitu, maana angejitapa tu kuwa mashine yake ingeimaliza kazi hiyo haraka zaidi.

Asichojua ni kwamba, kabla ya kumfungia mteja programu, wifi huiamuru mashine iandike kila faili upya kwa kufuata orodha yake. Kisichokuwa kwenye orodha, kwa mashine hakijazaliwa.

Siku ya kuonyesha kazi walimkuta daktari na paka mnene mezani, ametulia utadhani mgeni rasmi. Daktari akavaa miwani, akaujaza ukurasa wa paka: jina, umri, uzito. Akashuka chini, akapanda juu.

"Mbona pa kuuma sipaoni?"

"Pa kuuma?" wifi aliuliza, huku akimkuna paka kichwani. Paka ndiye aliyemjibu kabla ya mtu mwingine yeyote: akamuuma kidole.

Daktari alimfunga kidole bila haraka. "Mimi ni wa wanyama, lakini kidole ni kidole," alisema. Kisha akavua miwani. "Nawaambia ukweli. Kama jambo moja nililoomba limesahaulika, nitawakabidhi vipi zahanati nzima?"

Wifi hakujua kilichotokea, ila mashine aliijua ni ya nani. "Kosa ni la mashine yangu, daktari. Nisamehe."

Hapo Bi Polepole angeweza kunyamaza. Miezi yote alikuwa anaomba mashine ile iaibike mbele za watu, na leo imeaibika kweli. Akamtazama wifi yake na kile kidole kilichovimba kwa bandeji.

"Haina kosa," alisema. "Iliniandikia nisiguse, nikagusa. Nilidhani ni wifi ananichokoza."

Daktari aliwatazama wote wawili, akacheka mpaka paka akashuka mezani. "Basi rekebisheni nikiona."

Wifi hakuweza kuandika na kidole kile, kwa hiyo ikabidi Bi Polepole aketi mwenyewe kwenye mashine aliyoisusa. Kwenye orodha akaongeza jina, anauma, na aina, ndiyo au hapana. Akaiamuru. Ukurasa ukafunguka na mahali pake papo. Daktari akaweka alama kwa nguvu, akasema wiki ijayo waje kuifunga kwenye kompyuta zake zote.

Daktari alipotoka kumfuata paka, Bi Polepole alifungua faili kwa mara ya kwanza bila hasira. Tangu chuoni yeye huweka namna ya kubadilisha juu, namna ya kusoma chini, na mstari mtupu katikati. Hakuna mwingine anayeandika hivyo, na kila aliyefanya naye kazi amewahi kumlalamikia. Mashine ilikuwa imeandika hivyo hivyo, sifa baada ya sifa, mpaka mwisho.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwako," wifi alisema. "Nilitaka iandike vizuri. Nikachukua mafaili yako, nikaifundisha ifuate."

"Na hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Geukia huko, usinitazame," alisema Bi Polepole, maana machozi yalikuwa yameshamlenga. Wifi akageuka, akampitishia leso kwa nyuma.