Mikono Miwili ya Kushoto

Mimi, fundi cherehani kwa miaka ishirini sasa, nilisahau kugeuza karatasi ya kukatia nikakata mikono miwili ya kushoto! Tena ya gauni la bibi harusi. Kitambaa kimekwisha, na mwenyewe anakuja saa nane kulijaribu. Nikabwaga mkasi mezani.

Mdogo wangu, mwalimu wa fizikia, alikuwa amekuja kubadilishiwa zipu. "Tulia, dada. Kama ulimwengu hauna mwisho, huenda iko dunia nyingine kama hii, na humo yumo wewe mwingine aliyekata sawasawa."

"Basi nenda ukaniombee kwake mkono wa kulia!" nikafoka.

Akaokota mkono mmoja, akautazama mbele na nyuma. "Mbona pande zote zinafanana?"

Nikampokonya, nikaupeleka dirishani. Mng'ao ule ule, nje na ndani. Nikiugeuza tu, wa kushoto unakuwa wa kulia! Nikajibwaga kwenye stuli, nikacheka mpaka machozi.

"Sasa namwonea huruma mimi wa dunia ya tatu, aliyekosea kama mimi," nikasema nikitunga uzi, "ambaye kitambaa chake kinang'aa upande mmoja tu, na mdogo wake kasimama hapo anamwambia atulie."