Mchoro wa Kumi na Saba

Kwa miezi kumi na mmoja Dakta na shemeji yake hawakuzungumza habari za kazi, na wala hawakuwa wamegombana. Waliapiana. Wote wawili walikuwa wanafizikia wa nadharia katika idara moja, milango ya ofisi zao ikitazamana, na wote wawili walikuwa wakitafuta namba ileile. Nadharia inasema chembe zote ni mitikisiko ya uga uliojaa kila mahali, na kwamba uga huo hautulii hata pale panapoonekana patupu. Wao walitaka kujua mtikisiko huo unazidisha au kupunguza kwa kiasi gani nguvu kati ya chembe za aina fulani. Mtu wa kawaida akisikia kwamba watu wawili wazima wamekaa karibu mwaka wakitafuta namba moja, atauliza kama hawana kazi ya kufanya. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Namba ya namna hiyo haina mtu wa kukusahihishia. Hakuna maabara itakayoipima leo wala mwakani. Ndiyo maana wenye fani hii wana desturi yao: watu wawili wanaikokotoa kila mmoja kivyake, kwa programu yake na daftari lake, bila kuulizana hata neno. Wakimaliza, kila mmoja anatia jibu lake kwenye bahasha, na bahasha zinafunguliwa mbele ya shahidi. Majibu yakilingana, makala inaandikwa. Yakitofautiana, watu wanarudi wakatafute aliyekosea ni nani, na hapo urafiki hupimwa.

Aliyeumia zaidi na kiapo hicho alikuwa mdogo wake Dakta, fundi cherehani, ambaye ndiye mke wa huyo shemeji. Kila Jumapili walikula pamoja nyumbani kwake, na kila Jumapili wale wawili walizungumza mvua na mpira mpaka vikaisha, kisha wakatazama sahani. Fundi alisema yeye kaolewa na bubu, na kama hiyo haitoshi, kazaliwa tumbo moja na bubu mwingine.

Kulikuwa na tofauti moja kati yao, na hadithi hii yote imekaa juu yake. Dakta alikuwa na ajira ya kudumu. Shemeji alikuwa na mkataba wa miaka mitatu, na mkataba ulikuwa unaisha. Kamati ya ajira ingekutana Jumatatu. Mkuu wa idara, aliyepewa jina la Bwana Kesho kwa sababu zinazoeleweka, alimwambia Shemeji wazi kwamba makala ikiwa tayari na sahihi yake yeye Mkuu iko chini, kamati itampa miaka mingine mitano. Isipokuwa tayari, hana la kuwaambia. Bahasha zingefunguliwa Ijumaa.

Jumatano mchana Dakta alipita kwa mdogo wake kupimwa gauni. Alisimama katikati ya chumba cha mbele huku Fundi akimzunguka na pini mdomoni, akimbandika mabegani vipande vya karatasi alivyokata kwa ajili ya vipimo. Fundi hakununua karatasi hata siku moja. Alichukua chochote kilichotupwa kapuni, mradi kiwe kipana. Dakta alishusha macho kuutazama mkono wa gauni, na pale karibu na kiwiko akaona mwandiko wa shemeji yake. Chini ya mwandiko kulikuwa na neno JIBU, na mbele yake themanini na tisa juu ya ishirini na nne, limepigiwa mistari miwili.

Walipokula kiapo walikubaliana pia kwamba rasimu zote zinafungiwa kwenye droo ya ofisini. Shemeji alikwenda na rasimu nyumbani, akaitupa kwenye kapu la jikoni, na kwa hiyo kosa la kwanza lilikuwa lake. Lakini macho yaliyosoma yalikuwa ya Dakta, na macho hayana kifutio. Jibu lake yeye, lililokuwa kwenye bahasha tangu juzi, lilikuwa mia moja na tatu juu ya ishirini na nne.

Fundi alimwambia asimame wima, mbona kalegea ghafla. Dakta alisema ni njaa.

Alirudi ofisini moja kwa moja. Alijiambia anakwenda tu kukagua, kama mtu yeyote mwangalifu angefanya. Tofauti kati ya majibu yao ilikuwa kumi na nne juu ya ishirini na nne, yaani saba juu ya kumi na mbili. Hesabu yao ilikuwa na michoro arobaini na mmoja, kila mchoro ukionyesha njia moja ambayo chembe zinaweza kupitia, na kila mchoro una thamani yake ya kujumlishwa. Alipitia orodha kwa kidole akitafuta wenye thamani ya saba juu ya kumi na mbili, hakuuona. Akatafuta wenye maradufu yake, na mchoro wa kumi na saba ukawa pale, saba juu ya sita, umemkodolea macho.

Mchoro ule una mistari miwili inayofanana kabisa katikati yake. Ukiugeuza juu chini, ni uleule. Fundi angeelewa jambo hili kuliko wanafunzi wengi: kitambaa kikikunjwa mara mbili, mkasi ukapita mara moja, umekata vipande viwili, na mjinga tu ndiye atakayekata tena cha pili. Mchoro wenye ulinganifu wa namna ile hujihesabu mara mbili wenyewe, kwa hiyo lazima uugawe kwa mbili. Dakta alikuwa akiwafundisha wanafunzi jambo hilo kila mwaka, tena kwa kuwakaripia. Na hapa alikuwa amelisahau.

Aligawa. Akajumlisha upya. Themanini na tisa juu ya ishirini na nne.

Alifurahi, nisimsingizie. Alifurahi kwa dakika tano nzima, akaandika jibu jipya, akalitia kwenye bahasha mpya, akaichana ile ya zamani. Kosa lilikuwa kosa kweli, na kulisahihisha hakukuwa dhambi. Ila alipokuwa akifunga daftari aliona kwamba alikuwa ameishia mchoro wa kumi na saba. Mingine arobaini yote hakuigusa. Angeigusa ya nini, wakati majibu yalishalingana? Hapo furaha ikamtoka. Kama yeye na shemeji wote walikosea mahali pengine, asingelijua tena, kwa sababu alikuwa amelitafuta kosa lililompeleka alikotaka kwenda, na alipofika akaacha kutafuta. Bahasha yake haikuwa ushahidi wa kitu chochote. Ilikuwa jibu la shemeji lililoandikwa kwa mkono mwingine.

Alhamisi nzima alibishana na nafsi yake. Riziki ya nyumba ya mdogo wake ilikuwa hatarini, na si yeye ambaye angelala njaa. Kufikia jioni alishaamua kunyamaza, na aliamua kwa moyo mweupe kabisa, kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji.

Ijumaa asubuhi walikaa watatu ofisini kwa Mkuu. Bwana Kesho alifungua bahasha ya kwanza, akasoma. Akafungua ya pili, akasoma, akavua miwani. Alisema hajawahi kuona majibu yakilingana mara ya kwanza katika miaka yake yote ya kazi, na akavuta fomu ya kamati karibu, papo hapo, jambo ambalo nalo hakuna aliyewahi kuliona. Shemeji alimshika Dakta mikono yote miwili, akaishikilia, na Dakta akaona kwamba kope zake zimelowa.

Labda angenyamaza kama shemeji yake angecheka tu. "Niliona jibu lako," alisema Dakta. "Jumatano. Langu lilikuwa jingine."

Akaeleza yote, gauni, karatasi, mchoro wa kumi na saba. Kalamu ya Mkuu ilikuwa imeshagusa fomu, ikarudi mezani taratibu. Shemeji aliondoa mikono yake.

"Hilo kosa ulilolipata, ni kosa au si kosa?" aliuliza.

"Ni kosa."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Nililipata kwa sababu nilijua pa kufika, shemeji. Tangu hapo sijakagua kitu. Sijui kama tuko sawa, na wewe pia hujui."

"Ungeninyamazia mpaka Jumanne," alisema Shemeji. "Siku nne tu. Umenitilia mchanga kitumbua changu kwa mkono wako mwenyewe." Akatoka bila kufunga mlango.

Bwana Kesho alisema hawezi kutia sahihi, na hilo hakuliahirisha. Jumatatu kamati ilikutana, ikapitia majina, ikaliruka la Shemeji. Mwisho wa mwezi Shemeji alibeba vitabu vyake kwa makasha manne, na baada ya wiki tatu za kuhangaika akapata kufundisha hisabati katika shule ya sekondari upande wa pili wa mji. Jumapili Dakta hakualikwa. Alikwenda hivyo hivyo, mara moja, na mdogo wake akamfungulia mlango nusu.

"Nikuulize kitu kimoja, dada," alisema Fundi. "Kama mkataba ungekuwa wako, ungesema?"

Dakta alitafuta jibu la kweli, na lililokuwepo lilikuwa moja tu. "Sijui."

"Mimi nilidhani utasema ndiyo," alisema Fundi, na mlango ukafungwa kwa adabu. Dakta alilia njiani, mchana kweupe, watu wakimpisha.

Ilibaki njia moja ya kujua ukweli, nayo ilikuwa ndefu. Mwanzoni mwa hesabu kama ile kuna herufi moja ambayo mkokotoaji anaichagua apendavyo. Ulinganifu ulio ndani ya nadharia yenyewe unasema uchaguzi huo si kitu. Uchague hivi au vile, dunia haibadiliki, kwa hiyo mwishoni herufi ile haina budi kutoweka kwenye jibu. Ikibaki hata chembe, umekosea mahali. Ili kupunguza kazi, wote wawili walikuwa wameipa herufi thamani ya moja tangu siku ya kwanza, na hivyo wakampiga kumbo shahidi ambaye hali rushwa. Sasa Dakta aliirudisha. Michoro ilikuwa arobaini na mmoja ileile, lakini kila mmoja ulizaa mistari ya hesabu mara kumi, na ulipaswa kupitiwa upya kuanzia wa kwanza.

Ilimchukua wiki kumi na moja. Alifundisha asubuhi na kukokotoa mchana, akakonda mpaka nguo zikamkaa vibaya, na hakuwa na fundi wa kumpunguzia. Alitamani nini, hata yeye hakuweza kusema. Herufi ikibaki, majibu yao yalikuwa uongo na yeye amewaokoa watu wasiaibike. Ikitoweka, amemfukuzisha mume wa mdogo wake kazi bure. Kuna siku aliomba herufi ibaki, kisha akaona haya kuomba kitu kama hicho.

Herufi ilitoweka. Mchoro kwa mchoro, yale yaliyozidi hapa yalipunguzwa pale, mpaka mstari wa mwisho ukabaki mtupu na safi: themanini na tisa juu ya ishirini na nne. Dakta alikusanya karatasi zote mia mbili na kitu, akazifunga kwa kamba, akaenda upande wa pili wa mji.

Alimkuta Shemeji kwenye chumba cha walimu, amezungukwa na rundo la mitihani, kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo. Hakumwambia akae, lakini alisogeza rundo moja ili meza ipate nafasi. Dakta aliweka ukurasa wa mwisho mbele yake. Alisoma mara moja, akarudia tena kuanzia juu.

"Imetoweka," alisema.

"Yote."

"Kwa hiyo lilikuwa sahihi siku ileile. Nimepoteza kazi kwa jibu sahihi."

"Ndiyo, shemeji."

Alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba radhi tangu kwenye basi, ingawa asingeomba radhi kwa kuwa alisema ukweli. Angeomba radhi kwa maumivu aliyomletea. Kabla hajaanza, Shemeji alivuta karatasi moja ya mtihani kutoka kwenye rundo na kumsukumia. Ilikuwa ya mwanafunzi wa kidato cha pili. Swali la nne lilikuwa na jibu tu, limekaa peke yake katikati ya nafasi nyeupe, na kando yake sifuri nyekundu.

"Jibu lake liko sawa," alisema Shemeji. "Mama yake kaja asubuhi kunishtaki kwa mkuu wa shule. Nikamwambia, mama, hili si jibu la mwanao mpaka anionyeshe alikopitia." Akakuna shavu kwa kalamu na kujipaka wekundu. "Neno likanitoka, nikasikia sauti ni yako. Nimekasirika tangu saa mbili asubuhi, sijui hata nimkasirikie nani."

"Nikasirikie mimi."

"Wewe nilishamaliza kukukasirikia. Nimebaki mimi." Alitazama lile furushi lililofungwa kamba. "Makala umeshaandika?"

"Bado. Ni yetu wawili. Siwezi kuiandika kabla hujazikagua hizi."

Kengele ikalia nje, na korido ikajaa miguu. Shemeji alisimama, akakusanya chaki na daftari la mahudhurio, akasema ana kipindi cha dakika arobaini na darasa lenyewe ni la watundu. Kisha akafungua kamba, akapekua mpaka chini kabisa, akatoa ukurasa wa kwanza, akaukunja na kuutia mfukoni mwa shati.

"Uje Jumapili," alisema. "Mdogo wako bado ana hasira, utakula hivyo hivyo."