Kiti cha Karibu na Mlango

Kulikuwa na methali moja ambayo Mshauri hakutaka kuisikia ndani ya chumba chake: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nje huko watu waiseme wapendavyo. Lakini humo ndani, ghorofa ya kwanza juu ya duka la fotokopi, alikuwa ameiona ndwele isiyopita ikipanda ngazi kwa miguu yake, ikiketi na kuomba maji ya kunywa. Alikuwa mwanasaikolojia, kazi ambayo shangazi zake mwenyewe hawakuielewa mpaka leo.

"Yaani watu wanakuja, wanaongea, wewe unasikiliza, basi?" humwuliza.

"Basi," huwajibu, nao hutazamana kwa huruma.

Kumbe kusikiliza kwenyewe kulikuwa na utaratibu wake. Waliokuja kwake walikuwa na kiwewe. Miili yao ilikuwa bado haijapata habari kwamba hatari imekwisha. Kwa hiyo Mshauri hakumshtua mtu. Hakusogea karibu bila kuuliza, wala hakufunga mlango bila ruhusa. Ufunguo aliuacha kwenye kitasa, upande wa ndani, ili kila aingiaye aone kwamba hakuna wa kumfungia kwa nje. Na familia inapokuja pamoja, aliyeumia ndiye aliyechagua kiti kwanza. Sheria hiyo alikuwa akiifundisha hata kwa wenzake, na alikuwa mkali nayo.

Binti aliyemjia mwaka ule alikuwa fundi wa simu, na wateja wake walimwita Fundi tu. Meza yake ilikuwa barazani, jua likimpiga asubuhi na vumbi likimfuata mchana. Alishapewa nafasi ndani ya duka zuri lenye feni, akaikataa, kwa sababu duka hilo lilikuwa na mlango wa chuma. Nyumbani alilala mlango ukiwa wazi, kiti kikiwa kimeuzuia usijifunge. Ilimchukua muda mrefu kumwambia Mshauri sababu. Baba yake alipofariki, yeye na mama yake na mdogo wake mchanga walihamia kwa baba mkubwa. Mama akienda kazini, Fundi akivunja glasi au akilia kwa ajili ya marehemu, baba mkubwa alimfungia stoo, gizani, mpaka anyamaze. Hiyo aliiita adabu.

Asingetaka kulifukua hilo mbele ya ukoo kama si mdogo wake, ambaye wote walimwita Chiriku kwa sababu hakuishiwa maneno tangu alipoanza kusema. Mama yao alikuwa amepata kazi ya upishi katika shule ya bweni ya mbali, mahali pasiporuhusu mpishi kuja na mtoto. Alikuwa ameamua Chiriku akae kwa baba mkubwa. Fundi alipoomba amchukue yeye, mama alicheka. "Wewe unayelala mlango wazi utamlinda nani?"

Ndipo Fundi akaomba kikao cha familia. Hakutaka kuombwa radhi, alimwambia Mshauri, wala hakuja kusamehe mtu. Alitaka mama yake asikie mara moja, mbele ya mhusika, na Chiriku asipelekwe.

Mshauri alikubali, nayo siku ilipofika akaharibu yeye mwenyewe.

Aliingia kwanza baba mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, mpole wa sauti, mashati yake yamepigwa pasi kila siku ya Mungu. Nusu ya mtaa ilikuwa imesoma kwake. Mshauri alimwona tu, malezi yakamtoka bila kuitwa. "Shikamoo, mzee. Karibu, karibu ukae." Akamvutia kiti kilicho bora, chenye mto mgongoni, kile cha karibu na mlango. Mzee akaitikia marahaba na kujaa kitini kama mwenye nyumba. Mama akafuata, akakaa kando yake. Wa mwisho alikuwa Fundi, ambaye alipita mbele ya magoti ya mzee, akaenda mpaka ukutani, akabaki amesimama.

"Mbona hukai, mwanangu?" mzee aliuliza.

Macho ya Fundi yalikuwa mlangoni. Pumzi yake ilikuwa imepanda juu kifuani. Mshauri akafuata macho yake, akaona: mtu aliyemfungia ndiye aliyekaa kati yake na mlango, na aliyempa kiti hicho ni yeye, mtaalamu, mwenye sheria zake. Alijitukana kimoyomoyo matusi ambayo hayafundishwi chuo chochote.

Sasa afanyeje? Mtu mzima hainuliwi kitini. Hilo alilijua kabla hajajua kuandika jina lake, na shangazi zake wote wangemshuhudia.

"Mzee, naomba radhi," alisema. "Nimekosea. Kiti hicho hakikuwa changu kukupa. Naomba uhamie kile cha dirishani."

"Unaniinua?"

"Nakuinua, mzee."

"Jamani!" Mama alishika kifua. "Shemeji, usiinuke. Mshauri, huyu ndiye mkubwa wetu. Hatukuja hapa kuvunjiana heshima."

"Mama, nyumbani kwenu ni mkubwa, simkatai. Humu ndani anayetangulizwa ni aliyeumia."

"Nani kaumia?" Baba mkubwa alitabasamu, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Shemeji, nilikwambia. Mtoto alifiwa na baba, akaota ndoto mbaya, leo ndoto zimekuwa kesi. Mimi sijapata kumfungia mtoto popote. Hata hivyo nimesamehe. Yaliyopita si ndwele..."

"Tugange yajayo," Fundi alimalizia kutoka ukutani, sauti ikimkwaruza. "Hayo yajayo ndiyo yaliyonileta. Yana jina. Yanaitwa Chiriku."

Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mwalimu aliyeletewa hesabu isiyo sahihi. Kisha akainuka kweli. Mshauri alishusha pumzi akidhani amekubali kuhama. Lakini mzee aliusukuma mlango ukajifunga, akazungusha ufunguo, akauchomoa na kuutia mfuko wa shati. Hakuangalia hata kitasa. Mkono uliijua njia.

"Haya," alisema kwa upole. "Mlango huo umefungwa. Kuna aliyekufa?"

Chini fotokopi iliendelea kunguruma. Fundi aliukandamiza mgongo ukutani, na midomo yake ikaanza kwenda. Walikuwa wamefanya zoezi hilo vikao vingi: hofu ikipanda, taja unavyoviona, vya leo, vya hapa.

"Dirisha," alinong'ona. "Meza. Jagi. Viatu vyangu. Mama."

Mshauri alikuwa ameshasimama. Ile sauti yake ya kubembeleza ilikuwa imekwenda likizo. "Mzee, ufunguo. Sasa hivi."

"Subiri kidogo, binti," alimwambia Mshauri. "Usimharakishe. Akikaa kidogo atanyamaza, atazoea." Akamgeukia mama, akiomba ashuhudie busara yake. "Hata wakati ule alikuwa anazoea."

Mzee mwenyewe alichelewa kusikia alichokisema.

"Wakati upi, Shemeji?" mama aliuliza.

"Nasema tu kwamba watoto..."

"Nimekuuliza wakati upi."

Mzee aliupapasa mfuko wa shati. Mshauri alipiga hatua kumfuata, lakini Fundi alimwinulia kiganja. "Niachie, Mshauri. Huyu ni wangu." Akajibandua ukutani. Alitembea kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake, akafika mbele ya baba mkubwa na kunyoosha mkono.

"Ufunguo."

"Wewe mtoto, adabu yako..."

"Adabu ulinifunza stoo. Yote nimeiacha hukohuko. Ufunguo."

Mzee alimtazama shemeji yake, akingoja aingilie kati kama alivyoingilia siku zote, amkemee binti, amalize mambo kwa pole. Mama alikuwa amesimama, mkoba umemdondoka, na hakumsaidia kwa mkono wala kwa neno. Basi mzee akatia vidole mfukoni, akautoa ufunguo.

Fundi aliuelekeza ufunguo mlangoni, ukalikosa tundu, ukalikosa tena. Mshauri aliona uchungu wa kutosaidia, akaifunga mikono yake kwapani ili isimponyoke. Kuna msaada ambao ni wizi. Kitasa kikalia, mlango ukafunguka, hewa ya ngazi ikaingia na harufu yake ya wino.

Wote walijua atakimbia. Mshauri mwenyewe alishaanza kufikiria atamfuata vipi mtaani. Fundi hakukimbia. Aliuvuta mlango mpaka mwisho, akausimamia kando.

"Pita," alisema.

"Mimi?" Baba mkubwa aliuliza.

"Wewe. Sisi kikao chetu bado."

Mzee alijinyoosha shati, akatafuta maneno yanayofaa umri wake. Mlangoni aligeuka. "Ipo siku mtanikumbuka."

"Tunakukumbuka kila siku," Fundi alimjibu. "Ndiyo maana tuko hapa."

Viatu vyake viliteremka ngazi polepole, kwa heshima zote, mpaka mngurumo wa fotokopi ukavimeza. Mshauri alitaka kupiga vigelegele. Aliketi, akamimina maji, akamwuliza Fundi angependa kukaa wapi. Fundi alikisogeza mbali kile kiti chenye mto, akachukua cha kawaida, akakiweka palepale mlangoni, akakaa.

"Chiriku hatakwenda kwake," mama alisema. "Kazi nitaiacha, au utakaa naye wewe, tutaona. Kwake hatakwenda. Umesikia? Yameisha."

"Hayajaisha," Fundi alisema.

Mama aliokota mkoba, akaupakata kwa mikono miwili. Mshauri hakumwahi kwa swali. Alijua sura ya mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Kuna siku nilirudi mapema," mama alianza. "Nilisikia kugonga huko stoo. Nikamwuliza, akasema ni paka kaingia. Na mimi nilikuwa sina pa kwenda, mwanangu. Sina mume, sina nyumba, mgongoni nina mtoto mchanga. Akasema ni paka, nikakubali ni paka."

"Najua," Fundi alisema. "Nilisikia kandambili zako. Zilikuja mpaka mlangoni, zikasimama, zikaondoka. Ndiyo maana niliacha kugonga."

Mama alilia kilio kisicho na sauti, mabega yakipanda na kushuka. Akanyoosha mkono ashike goti la mwanawe. Fundi alilisogeza pembeni, bila hasira lakini bila haya pia. Mshauri alimwona mama akipokea pigo hilo, akasikia vibaya kwa ajili yake, na hakufanya lolote kumpunguzia.

"Nisamehe," mama alisema.

"Hilo sijalifikia. Nikilifikia nitakwambia, na nisipolifikia usinidai." Fundi alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Chiriku akigonga, utafungua?"

"Nimekwisha kusema haendi kule, hatafungiwa na..."

"Sikuulizi kama atafungiwa. Awe popote, kwa mtu yeyote, mkubwa wa ukoo au tajiri wako wa kazi. Ukiwa una pa kwenda, au huna. Akigonga, utafungua?"

Mama aliinua uso. Ulikuwa umelowa, pua inachuruzika, na kwa mara ya kwanza tangu aingie hakujali nani anamwona.

"Nitauvunja," alisema. "Mlango na mwenye nyumba."