Boti ya Baba Silvana

Mwalo wa Kirando, ule ufuko wa kuegeshea mitumbwi, ulifika Jumanne saa tatu asubuhi, Avelina akiwa amekaa kwenye kigoda uani, anachambua maharage. Maji yalipita chini ya geti, yakazunguka banda la kuku, yakafika miguuni pake. Akanyanyua ungo, akahamisha kigoda kibarazani na kuendelea kuchambua, maana maharage yale yalikuwa na mawe mengi. Nyuma yake boti ikalia kama kitanda kinachogeuziwa ubavu, ikanyanyuka kutoka kwenye magogo iliyoyakalia miaka minne, ikaelea.

Kutoka Sumbawanga, alikoishi Avelina, hadi Ziwa Tanganyika ni safari ya kuteremka mpaka masikio yanaziba. Ziwa, basi, lilikuwa limepanda mlima mrefu. Kulsumu, jirani mwenye duka la jumla, alichungulia juu ya ukuta.

"Mama Silvana, maji yako yamefika mpaka dukani kwangu."

"Yamelowesha kitu?"

"Sukari haijaguswa. Ila dagaa wanapita chini ya friji."

"Waache, watatoka wenyewe," alisema Avelina.

Kilichouleta mwalo kilikuwa barua. Mwaka juzi, Valerian mumewe akiwa bado hai, walikaa mezani wakaandika barua tatu: moja ya Kirando, moja ya Kasanga na moja ya Kipili. Kalamu alishika Avelina. Alikuwa nesi katika zahanati moja ya vijijini kwa miaka thelathini na minne, na nusu ya watu wazima wa tarafa ile walikuwa na kadi za kliniki zenye mwandiko wake. Valerian alitia saini. Waliomba nafasi ya kuegesha boti, wao wastaafu wawili wasio na fujo, wanaotaka kuishi majini mpaka Mungu atakapowaita. Barua za siku hizi hazina uhakika wa kufika wala wa kujibiwa, kwa hiyo mialo iliamua kuja yenyewe. Ilichelewa tu. Valerian alizikwa Februari, na sasa ilikuwa Mei.

Boti ilijengwa uani kwa sababu Valerian, aliyekuwa dereva wa greda, hakuwa na imani na kitu asichokiona kikijengwa. Fundi Yunusu alitoka Kirando na mfuko wake wa vifaa, akalala kwao msimu mzima wa kiangazi. Mbao za mninga alizinunua Avelina kwa kiinua mgongo chake. Pamba ya kuziba nyufa aliipigilia yeye, ubao kwa ubao, hadi kucha mbili zikang'oka. Kazi ilipokwisha, Yunusu aliuliza boti iitwe nani. Valerian akasema bila kufikiri, iitwe Avelina. Avelina akaona haya. Mke gani anajiandika kwenye chombo, mume wake amesimama pale? Alichukua brashi na rangi nyeupe, akaandika ubavuni kwa herufi zilizonyooka: BABA SILVANA. Katika mambo yote ya boti ile alikosea hilo moja, na alilikosea kwa heshima.

Silvana mwenyewe alikuwa sista huko Mbeya. Aliweka nadhiri zake, na kumiliki kitu hakumo. Ukoo ulilikumbuka hilo siku ya tatu baada ya mazishi, walipokaa kikao sebuleni kwa Avelina, juu ya makochi ya Avelina. Gaudensi, mdogo wa marehemu, muuza mbolea, alifungua kwa sala. Alisema nyumba ya kaka ni nyumba ya ukoo, na kwa kuwa mtoto ameolewa na Kanisa, nyumba haina mrithi, hivyo yeye atajitwisha mzigo wa kuitunza. Shemeji asiwe na wasiwasi, hakuna anayemfukuza. Akae mpaka ulezi uvunwe.

"Nyumba hii tulijenga wote," alisema Avelina.

"Shemeji, nani asiyejua?" Gaudensi alisema kwa upole kabisa, na wazee wote wakaitikia kwamba kweli, wanajua. Walikubaliana naye kwa kila neno na bado wakamnyang'anya. Hicho ndicho kilichomuuma, kwamba hapakuwa hata na mtu wa kubishana naye.

Akawaomba boti. Wazee wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo kwa kiganja. Boti, juu huku Ufipa, kwenye mashamba ya mahindi! "Chukua, shemeji," alisema Gaudensi. "Ukipata usingizi humo, sisi tutafurahi." Hakuna aliyeandika. Zawadi ya kitu kisicho na kazi haiandikiwi.

Ndipo mialo ikaanza kuja.

Mwenyekiti wa mwalo wa Kirando alisimama karibu na banda la kuku, daftari kwapani, kanga ya mtu imejianika kwenye kamba nyuma yake. Avelina alimpa kigoda, akaukagua mwalo kama alivyokuwa akikagua wodi. Mchanga ulikuwa safi. Zahanati ilionekana, si mbali. Injini za mitumbwi zilipiga kelele tangu saa tatu hadi saa sita bila kupumzika.

"Chombo cha nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Changu."

"Sawa, mama. Na mwanaume wake?"

"Amefariki."

"Pole sana. Nduguze je?"

"Wapo. Hawahusiki."

Mwenyekiti alilifunga daftari taratibu, kama mtu anayefunika mgonjwa. Alisema watalijadili. Jioni mwalo wa Kirando ulirudi zake, ukaacha uani viatu viwili visivyofanana na maganda ya muhogo.

Kasanga ulikuja Alhamisi. Huu ulikuja na upepo, kelele za wachuuzi na harufu ya mizigo ya Zambia, na Kulsumu alilazimika kufunga duka kwa saa mbili kwa sababu wateja walikuwa wakishuka kwenye meli moja kwa moja hadi kaunta. Mzee wa mwalo hakufika hata kwenye daftari. Alisema pale mwanamke hulala nchi kavu, na chombo hulala na wenye chombo. Avelina alimwambia kwamba amezalisha wanawake kwenye matrekta, kwenye madaraja na mara moja juu ya gunia la karanga, hivyo pa kulala hapamtishi. Mzee alikubali kwamba hiyo ni kazi kubwa. Akaondoka na ziwa lake.

Wiki iliyofuata, Jumatatu, ukaja Kipili. Maji yake yalikuwa matulivu na unaona hadi chini, visiwa vyake vikajipanga kwenye kiwanja cha jirani bila kuvunja tofali. Aliyeshika daftari alikuwa mwanamke, Hellena, mkaushaji dagaa, mikono imekauka kwa chumvi. Alipanda kwenye boti bila kuombwa, akafungua mlango wa kibanda, akaona kitanda cha watu wawili, jiko la mkaa na msalaba ukutani. Akakaa juu ya kitanda.

"Kirando walikujibu nini?"

"Watajadili."

"Hawajadili hao. Kasanga?"

"Nilale nchi kavu."

Hellena alicheka hadi boti ikatikisika. "Dada, mimi nakupa pale nyuma ya jiwe kubwa, upepo haufiki. Asubuhi utaniamkia, jioni nitakuletea samaki wa mgebuka. Ukiugua nitakuuguza, nikiugua utanidunga sindano. Unataka nini tena?"

Avelina hakutaka kitu tena. Tangu Februari hakuwa amelia mbele ya mtu, na pale alilia, vizuri, bila kuficha uso. Hellena alimsubiri amalize, kisha akasema kimebaki kitu kimoja kidogo. Chombo kina jina la mwanaume. Daftari linataka barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa, iseme mwenye chombo ni nani. Mwalo wa Kipili ungesubiri uani mpaka barua ipatikane.

Mtendaji wa mtaa alikuwa kijana mwenye elimu yake. Alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akamweleza kwamba sheria iko upande wake mia kwa mia. Aliieleza vizuri sana, hata vifungu alivijua. "Kwa hiyo, mama," alimaliza, "niletee tu muhtasari wa kikao cha ukoo, nami nitagonga mhuri leo leo."

Avelina alikwenda kwa Gaudensi, akapiga magoti mlangoni kama inavyompasa, akapiga makofi ya salamu, akaomba ile zawadi ya Februari iandikwe. Gaudensi alikuwa anapima mbolea. Aliuliza kwa nini ghafla.

"Nimepata mwalo. Kipili. Wananisubiri."

"Wanasubiri wapi?"

"Uani."

Gaudensi alifunga duka, akaja kuona. Alisimama ukingoni mwa ziwa, kati ya kisima na mti wa mpera, akaitazama boti ikicheza juu ya maji. Hakuuliza ziwa limepandaje. Aliuliza boti inabeba magunia mangapi.

Kikao cha pili kilikaa Jumamosi, pale pale ufukweni, wazee wamekunja suruali, miguu imo majini. Kulikuwa na pombe ya ulezi. Yunusu alipanda kutoka Kirando kuja kusema nani alinunua mbao, ila hakuwa wa ukoo, kwa hiyo walimkaribisha chakula na kumwomba akae upande wa jikoni. Gaudensi alisimama, akanyoosha kidole ubavuni mwa boti, akamwomba mzee mwenye miwani asome kwa sauti.

"Baba Silvana," alisoma mzee.

"Baba Silvana ni nani?"

"Ni marehemu."

"Namshukuru mzee wangu. Mimi sina la kuongeza."

Avelina alisimama. "Hilo jina niliandika mimi. Kwa mkono huu. Na boti mlinipa wenyewe, hapo ndani, mkacheka."

"Uliandika vizuri, shemeji," alisema Gaudensi. "Tunasoma hata kwa mbali. Na tulikupa, ni kweli. Ila tulikupa mbao zilizokaa juu ya magogo. Hii inaelea."

Wazee waliona kuna hoja. Mmoja, aliyewahi kushonwa mguu na Avelina usiku wa mvua, alitazama chini, kwenye maji, dagaa wakimpita kati ya vidole. Kuhusu ziwa waliamua kwa haraka zaidi: limeingia ndani ya mipaka ya kiwanja, kwa hiyo kama litabaki, ni la kiwanja.

Lakini hawakuwa watu wabaya, na walitaka jambo hilo lionekane. Shemeji ameshazoea wazo la kuishi kwenye maji, basi wasimvunje moyo. Chombo kinahitaji mtu wa kulala ndani. Wakaandika muhtasari, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mwandiko mzuri, walimpa Avelina karatasi aunakili upya ili wote wasaini. Aliunakili. Herufi zilitoka zimenyooka, na jambo hilo lilimchukiza kuliko yote, kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa mtiifu kiasi kile. Mtendaji aligonga mhuri siku ile ile, kama alivyoahidi.

Mwalo wa Kipili uliondoka kesho yake baada ya misa ya kwanza, na boti ikaondoka nao. Kulsumu alimpa Avelina kilo mbili za sukari na blanketi, akamshika mikono, akasema, "Wamekula mfupa na nyama." Maji yalifuata barabara ya lami. Pale Chala, wanawake waliokuwa wakianika ulezi waliyapisha, na mmoja akanyanyua mtoto ili nesi amwone alivyokua. Namanyere, kondakta wa basi alimuuliza kama anabeba abiria. Saa kumi jioni ziwa lilikuwa limerudi mahali pake, na boti ilikuwa nyuma ya jiwe kubwa, upepo haufiki.

Hellena alisoma barua mara mbili. Akamtazama Avelina, akatazama barua tena. Kisha akafungua daftari, maana daftari halina mahali pa kuandika mambo mengine.

Jina la chombo: Baba Silvana. Mwenye chombo: Gaudensi. Aliyemo: Avelina, mlinzi.

"Nimeandika walichoandika," alisema Hellena.

"Ndiyo. Niliandika mimi," alisema Avelina.

Alikaa. Asubuhi alimwamkia Hellena, jioni alipata mgebuka, na watu wa Kipili walikuja na watoto wao wenye homa, naye akawapima akiwa amekaa ukingoni mwa boti, miguu majini. Gaudensi alipokuwa na mahindi ya kuvusha, boti ilikwenda siku nne au tano, na Avelina alilala juu ya mikeka ya dagaa mpaka irudi. Kisha alifagia punje, akatundika tena msalaba.

Agosti lilifika kopo la rangi nyeupe na brashi mpya kwa basi la Namanyere, pamoja na ujumbe wa simu. Gaudensi alimsalimia shemeji, akamjulisha kwamba ndani ya nyumba kuta zina unyevu na kuku wanaanza kuogelea, kisha akamwomba abadilishe jina la chombo, kwa kuwa wateja wanauliza Baba Silvana ni nani. Sasa kiitwe kwa jina lake yeye, Baba Mariana.

Avelina alikwangua herufi za zamani kwa kisu cha jikoni. Jina lililoupa ukoo boti lilidondoka majini vipande vipande, dagaa wakaja kuonja, wakaondoka. Boti ikakaa mchana mzima bila jina, na mchana huo wote hakuna aliyekuja kuuliza ni ya nani.

Rangi ilipotulia kwenye kopo, alichovya brashi. Hellena, aliyekuwa anageuza dagaa, aliacha kazi akaja kusimama nyuma yake.

"Ungeandika ovyo basi, dada. Ungepindisha hata herufi moja."

"Siwezi," alisema Avelina, na akaendelea na herufi ya pili, iliyonyooka kama ya kwanza.