Ngitili ya Mahameni

Tulikuwa tumekwisha kuvuka mto mkavu, ng'ombe mbele, mkokoteni nyuma, Apolonia alipomwambia mumewe asimamishe maksai. Masele akadhani kuna kitu kimedondoka. Mkewe akashuka, akateremsha sufuria, jembe na debe la maji, akavipanga kando ya njia kama mtu anayepanga bidhaa gulioni.

"Mama Scolastika, kulikoni?"

"Nendeni salama. Mimi narudi mahameni."

"Mahameni kuna nini?"

"Kuna ngitili yangu."

Masele akanitazama mimi, kana kwamba nimemroga mkewe. Mimi nilikuwa mwelekeza njia tu. Ulikuwa mwaka themanini na tatu, mwezi wa saba, Kishapu imekauka mpaka kunguru wanatembea kwa miguu. Wenye mifugo walikuwa wanahamia magharibi, Masumbwe na kuendelea hadi misitu ya Geita, na mimi Nassibu, mtu wa Ngokolo nisiyekaa Ngokolo, nilizijua njia hizo zote kwa nyayo zangu.

"Ngitili!" Masele akasema. "Hicho kipande cha nyasi? Tukipotea machoni tu, watu wataingiza ng'ombe."

"Hawataingiza."

"Nani atawazuia? Wewe?"

"Niachie wale maksai wawili wa plau, na yule mwekundu mwenye ndama. Kahama hawafiki, unajua mwenyewe."

Kwa Msukuma, kugawa ng'ombe njiani si jambo dogo. Masele aliuzunguka mkokoteni, akatema mate, akaenda kuwatenga wale wanyama waliokuwa wakijikokota nyuma. "Nikituma mtu, uje," akasema. Apolonia akatwaa jembe na debe lake la maji. Aliwageuza ng'ombe wake, sufuria kichwani, akaenda zake bila kutazama nyuma. Maishani mwangu nimeona watu wengi wakiondoka. Kurudi namna ile, kuelekea kwenye vumbi ambalo kila mtu analikimbia, nilikuwa sijapata kuona.

Nieleze kidogo. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza. Mnyama haingii mpaka kiangazi kiwe kikali, ndipo yanafunguliwa kwa ndama, maksai na wanyama wagonjwa. Hayana uzio. Mwenyewe anafunga mafundo ya nyasi kwenye vichaka vya mpakani, wazee wanapita wanaona, basi, yamefungwa. Anayeingiza ng'ombe anaitwa barazani. Baba yake Masele alikuwa na ngitili kubwa sana, lakini watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa pale pakawa mahame, na ng'ombe wa kila mtu wakaingia.

Miti ilikuwa imeisha kabla ya hapo. Wazee waliambiwa wafyeke vichaka kufukuza mbung'o, wakafyeka. Ikaja pamba, wakafyeka. Wakaja kwelea kwelea kula mtama, wakakata hata mti wa kivuli ili ndege wakose pa kulala. Kufikia wakati wangu, shamba lenye mti lilikuwa shamba la mvivu. Masele alijisifu kwamba akikaa mlangoni kwake anamwona mgeni tangu asubuhi, na mgeni anafika mchana.

Mkewe alikuwa ameyafunga yale mahame ya mkwewe kwa misimu miwili, na visiki hakung'oa hata kimoja. "Mama Scolastika anafuga visiki," watu walisema, "vitazaa lini?" Yeye alicheka nao. Machipukizi yalikuwa yamemfika kiunoni.

Sisi tukafika Masumbwe. Majani yalikuwepo, kweli, marefu, na ndani ya majani mlikuwa na mbung'o. Ng'ombe wa Masele hawakuwajua mbung'o, walikuwa wamezaliwa kwenye uwanja mtupu. Wakaanza kusimamisha manyoya, wakakonda huku wanakula, wakawa wanalala na hawainuki. Masele akanituma kwa wachimbaji wa dhahabu kuuliza kama kuna mwenye dawa ya mifugo.

Njiani nikakuta msitu umelazwa chini. Magogo yamepangwa kama mikeka ya duka, yanangoja kubebwa. Matimba hayo, yale yanayowekwa ndani ya shimo ili udongo usiwaangukie watu. Pembeni tanuri za mkaa zinafuka, na ng'ambo ya tanuri wanafyeka mashamba ya pamba, na waliokuwa wanafyeka walikuwa watu wetu wa Kishapu, nawafahamu kwa majina. Nikamkuta mchimbaji mmoja, Theonest, amekalia gogo anakula muhogo.

"Kaka, msitu huu si unaisha?"

"Ukiisha tunasogea."

"Mnasogea wapi?"

"Mbele."

"Na mbele kukiisha?"

Akanicheka mpaka muhogo ukamtoka. "Wewe Mswahili, kwani umeambiwa dunia ina ukuta?"

Dawa sikupata. Niliporudi, Masele alikuwa anachuna ngozi ya ng'ombe wake mwingine. Hakuinua kichwa. "Nenda Kishapu," akasema. "Mwambie mama Scolastika awafungulie majirani ile ngitili, kisha aje. Tutafyeka shamba huku."

Nikaenda. Nilifika mahameni mwisho wa mwezi wa tisa, na kitu nilichokiona pale nimekisimulia kila nilikokwenda, Tabora, Bukoba, Singida, na watu wengine hawakuniamini.

Ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wamesimama mpakani. Mifupa imevaa ngozi. Mbele yao, hatua chache, nyasi zimesimama, kavu, rangi ya mkate, na katikati miti michanga yenye majani mabichi. Ng'ombe wanazinusa na wanalia. Mpaka wenyewe ni mafundo ya nyasi kwenye vichaka, kitu ambacho mbuzi angekitafuna akakimaliza. Na wachungaji, watu ambao watoto wao walikuwa wanalia nyumbani, wamewashika ng'ombe wao pembe, wanawapiga puani, wanawarudisha. Hakuna aliyevuka. Apolonia amesimama upande wa ndani, mikono mitupu.

Mtu aliyekuwa anasema kwa sauti kubwa kuliko wote ni Bujiku. Bujiku alikuwa na kundi kubwa kuliko yeyote, na dume jeusi aliloliita Gavana.

"Mayu," akamwambia, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama wa heshima, "fungua. Tumevumilia kukuheshimu. Leo fungua yote, kila mtu aingize."

"Nikifungua yote wataila siku ngapi?"

"Zitakazotosha."

"Halafu?"

"Halafu Mungu anajua."

"Mungu anajua, na mimi najua," Apolonia akasema. Watu wakacheka kidogo.

Hapo akaniona. Nikamwamkia, nikampa ujumbe wa mumewe pembeni. Akasikiliza hadi mwisho. "Amekutembeza njia yote hiyo kuja kuniambia hilo? Pole, Nassibu. Kunywa maji." Akarudi kwa watu. Nikajua kwamba akiondoka pale hata kwa siku moja, ile ngitili itakuwa haina mtu, na kisicho na mtu kingeliwa kabla ya jua kuzama.

"Nitafungua," akasema, "kipande kwa kipande. Wanaingia maksai wa plau, ndama, na majike yanayonyonyesha. Wengine wapelekeni mnadani wangali na nyama."

Kelele zikawa nyingi. Akaendelea juu ya zile kelele. "Na kila mwenye ng'ombe atakayeingia hapa, mvua hii inayokuja, naye afunge kipande chake. Asing'oe kisiki. Mvua hii, si ya mwakani."

"Kwa nini mvua hii?" mzee mmoja akauliza. "Tupumue kwanza."

"Baba, mimi nilifunga misimu miwili iliyopita, mkasema nina wazimu. Mngefunga siku ile na mimi, leo nani angekuwa amesimama hapa kuomba?"

Apolonia akaingia katikati ya ng'ombe, anawapapasa mbavu, anatazama macho. "Huyu aingie. Huyu aingie na ndama wake. Huyu hapana." Alipofika kwa Gavana akampigapiga shingoni kwa upole. "Gavana aende Mhunze mnadani."

Watu wakaangua kicheko. "Gavana amepata uhamisho!" mmoja akapiga kelele. Bujiku akageuka mwekundu, kama mtu mweusi anaweza.

"Gavana haendi popote! Nitampeleka Masumbwe, nitamfuata Masele. Kule kuna msitu usioisha. Kaeni na visiki vyenu."

Apolonia akanigeukia mimi. "Nassibu, wewe umetoka huko jana na juzi. Sema."

Mimi si msemaji wa mikutano. Nikasema nilivyoona. Ng'ombe wa Masele wamelala hawainuki. Msitu unaingia kwenye mashimo ya dhahabu gogo kwa gogo, unaobaki unakuwa mkaa, na penye mkaa Wasukuma wenzenu wanapanda pamba. Nikasema, "Wanatengeneza Kishapu nyingine kule. Mkifika mtaikuta tayari."

Hakuna aliyecheka. Bujiku aliweka mkono juu ya mgongo wa dume lake. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu mwingine kabisa: "Mayu, kipande cha kufunga kiwe kikubwa kiasi gani?"

"Kile ambacho kinakuuma kidogo."

Siku ile nililala kwao, nikaamka nikawakuta watu wako mashambani wanafunga mafundo kwenye visiki vitupu, mvua hata dalili haijaonyesha. Nimeona misikiti ikijengwa na makanisa yakijengwa. Sijaona kitu kilichonigusa kama wale watu wakiyafungia malisho ambayo bado hayajaota.

Siku hizi redioni wanasema joto la dunia limepanda, nchi zote zikae zikubaliane, na wanapanga mwaka wa mbali wa kuanza. Nikisikia hivyo nasikia ile sauti yake: mvua hii, si ya mwakani.

Mvua ilikuja mwezi wa kumi na mbili. Maksai waliokula mahameni ndio waliolima mashamba ya kijiji. Masele alirudi mwaka uliofuata na fimbo yake tu. Mkewe alimpa wale maksai wawili na plau, akalima. Masele alifariki mwaka tisini na sita. Gavana aliuzwa Mhunze. Bujiku alifunga ngitili mbili na aligombana na kila aliyezisogelea hadi alipokufa. Scolastika, aliyekuwa shule ya bweni wakati ule wote, akawa muuguzi Shinyanga mjini. Theonest aliangukiwa na shimo karibu na Geita, matimba yalikuwa mabovu. Msitu niliopita mimi sasa ni mashamba na mji. Apolonia aliishi hadi akawa haoni, akazikwa mahameni, kwenye miti. Mimi nakaa Ngokolo kwa dada yangu Zuleha, miguu inanisumbua.